DARSA NA DAFTARI LA DENI

Ni nadra kuukuta mji wa pwani yetu usiokuwa na darsa. Katika mwezi wa Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, watu huketi mkekani, aya ikasomwa na sheikh akaifasiri kwa Kiswahili. Huko Lamu, Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, aliwafundisha hata wanyonge na waliotoka katika utumwa, watu ambao wakubwa wa mji hawakupenda waelimishwe. Mombasa nako, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyatia mafunzo ya namna hiyo katika gazeti lake la Al-Islah, mwaka 1932.

Je, mtu akisha kujifuta vumbi la mkekani, hubadilika nini? Aya iliyo ndefu kupita zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Pili, haisemi habari za sala wala saumu. Yasema habari za deni: liandikwe, liwe dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. Nasi twajua desturi yetu. Mwenye duka akimwambia rafiki yake, "Bwana, tuandikiane," rafiki huona ametukanwa. Basi mali hutolewa kwa haya, na urafiki hufa kwa mali. Lakini mkopeshaji na mkopaji wakiisikia aya hiyo siku moja, wamekaa bega kwa bega, haya hiyo huondoka, maana hapana aliyemtuhumu mwenziwe. Kitabu cha kusoma peke yako chumbani hakiwezi kazi hiyo.

Katika urithi, hata hivyo, darsa zetu zimelegea. Sura ya Nne imempa binti fungu lake, moja kwa mawili ya ndugu yake wa kiume. Wanaume wengi waijua kwa moyo, na shamba la minazi lingali mikononi mwa kaka. Mwenye haki mara nyingi yuko nyuma ya pazia, au yuko nyumbani jikoni, akitayarisha futari ya hao waliokwenda kusikiliza.

Kadhi hungoja aletewe shauri, na dada huona vibaya kumshtaki ndugu yake. Sheikh wa darsa hangoji kuletewa. Naaisome aya hiyo ya 11 mbele ya kaka na dada pamoja, katika juma lile lile matanga yanapoondolewa, kabla nazi za kwanza hazijaanguliwa.