Maleba: Vazi Linalosema

Mavazi ya mhusika jukwaani au filamuni huitwa maleba. Katika filamu ya Black Panther (2018), mbunifu Ruth E. Carter, aliyetuzwa Oscar mwaka 2019, aliwavika walinzi wa mfalme mavazi mekundu yenye shanga akichota kwa Wamaasai. Wapiganaji wa mpakani, mablanketi ya Wasotho. Na malkia, kofia pana ya Wazulu. Mwanafunzi akiandika tu "nguo za Kiafrika", amezifuta jamii tatu kwa mkupuo mmoja.

Huku Rwekubo na Nakivale tunaishi na kitenge cha Wakongomani na mushanana wa Wanyarwanda. Hivyo, kabla ya kuigiza tamthilia, tuwaulize wanafunzi: vazi hili laitwaje, huvaliwa na nani, na lini? Hapo ndipo msamiati huota mizizi.