Ugonjwa wa Kisukari na Sindano ya Mwenzangu

Wengi wenu mmemwona mwenzangu, ambaye twalala naye dabo-deka moja, akijichoma sindano kabla ya kula. Wengine husema ni malipo ya kulamba sukari utotoni. Amenipa ruhusa nieleze, bila kumtaja jina, kwa kuwa amechoka kujibu.

Nyuma ya tumbo la chakula mna kongosho. Kazi yake mojawapo ni kutengeneza insulini, ambayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika nyama za mwili. Kongosho la mwenzangu liliacha kazi hiyo alipokuwa na miaka 12, wala halikuwa kosa lake. Sukari ikajaa damuni, mafigo yakaitoa pamoja na maji mengi. Akawa akikojoa usiku kucha, ana kiu isiyokwisha, anakonda. Kwao Marangu walidhani ni malaria. Alipofikishwa hospitali alikuwa akitapika, na pumzi yake ilinuka kama matunda yaliyoiva mno. Mwili usioweza kutumia sukari huchoma mafuta yake, nayo huacha asidi katika damu. Asidi hiyo huua.

Zamani mtoto wa namna hiyo hakuwa na tumaini. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, mjini Toronto, Kanada, waliipata insulini katika kongosho la mbwa. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akachomwa dawa hiyo, naye akaishi miaka 13 zaidi. Haimezwi, maana tumbo huisaga kama linavyosaga nyama.

Muuguzi mmoja wa hospitali ya Mawenzi alitufundisha sote wawili. Mahali pa kuchoma pabadilishwe, ama sivyo ngozi hufanya vinundu na dawa haiingii sawasawa. Joto huiharibu insulini, na joto la Moshi mwezi wa Februari mnalijua. Bweni halina friji. Basi chupa hukaa katika chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa, katikati mchanga wenye maji. Tena asitembee pekupeku. Sukari ikizidi miaka mingi hudhuru macho na mafigo, na hufisha miguu ganzi. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini.

Lakini hatari ya ghafula ni sukari kushuka. Jumamosi moja muhula huu alijichoma, kisha chakula kikachelewa. Jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, akaanza kupepesuka na kusema ovyo. Kiranja akadhani amekunywa mbege, akaamuru amwagiwe maji. Nami, naona haya kusema, nilisita nikiwaza huenda ni kweli. Ndipo nikakoroga vijiko vinne vya sukari katika kikombe cha maji, akanywa. Baada ya robo saa aliniuliza kwa nini watu wamemzunguka, tukampa chakula. Angalikuwa amezimia, nisingalimnywesha kitu, maana angalipaliwa. Ningalimlaza ubavu na kuomba gari la hospitali.

Kopo la sukari liko dirishani, kando ya kitanda chetu. Wanaolichota kwa ajili ya uji, tafadhali waache.