Cha Juu Kimejificha Kwenye Spea

Katika maduka ya spea ya Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, pedi za breki zinaweza kuwa na bei tatu kwa siku moja. Ipo bei ya mwenye gari aliyekuja peke yake, hajui hata zinafungwa upande gani. Ipo ya fundi anayechukua mzigo kila wiki. Ya tatu haitamkwi kwa sauti: ni ile inayoandikwa kwenye karatasi ili fundi arudi nayo gereji. Tuseme pedi zimetoka dukani kwa shilingi 35,000, na karatasi inasomeka 60,000. Tofauti ya hapo ni cha juu, na mwenye gari ataitoa huku akijisifu kwamba ufundi ameupunguza kutoka 30,000 hadi 15,000.

Nairobi mambo ni yale yale. Kwenye maduka ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wengi bado wanaiita Grogan, muuzaji mzoefu humtambua mteja kwa namna anavyouliza. Anayesema "nataka shokapu za gari dogo" amekwisha kujieleza kabla hajatajiwa bei.

Wenye magari wengi wanapigania mahali ambapo hela haipotei. Wanabishana na fundi juu ya malipo ya mikono yake, wanamshusha, wanamshusha tena, kisha wanamkabidhi fedha ya spea bila hata swali moja. Fundi ana kodi ya eneo, ana vijana wawili wa kuwalisha, na ameshatumia saa tatu chini ya gari. Akikubali malipo ambayo hayatoshi, atayafidia mahali pengine, na mahali penyewe ni dukani. Wapo mafundi wengi waaminifu ambao hawagusi hela ya mteja. Lakini mtindo wa kulipa ujuzi kidogo na kulipa vyuma bila kuhoji unamwadhibu huyo mwaminifu na kumnufaisha mwenzake.

Wala tabia hii haikuzaliwa kwenye gereji bubu za uswahilini. Mwaka 1992 mamlaka za jimbo la California, Marekani, zilitangaza matokeo ya kuwatuma wapelelezi kwenye gereji za Sears, kampuni kubwa ya maduka ambayo familia nyingi za nchi hiyo ziliiamini kwa miaka mingi. Magari waliyokwenda nayo yalikuwa na breki zilizochakaa, mengine yote yakiwa salama. Katika majaribio 38 ya mwanzo, mara 34 wapelelezi waliambiwa wafanye matengenezo ambayo gari halikuyahitaji. Chanzo kilichooneshwa ni malipo: wapokeaji wa wateja walikuwa wanapata kamisheni kwa kila walichouza, na walipangiwa idadi ya kazi za kuuza. Baada ya kashfa hiyo kampuni iliondoa kamisheni kwa wafanyakazi hao. Gereji yenye vigae na kiyoyozi, iliyoko popote, inaweza kumpiga mteja sawasawa na ya chini ya mwembe ikiwa anayekagua gari ndiye anayepata faida kwa kila kinachobadilishwa.

Hata hivyo cha juu si hasara kubwa kuliko zote. Kubwa zaidi ni kununua spea isiyohitajika kabisa, maana hapo hata bei iwe halali, fedha imetupwa.

Chukua Toyota IST ya toleo la kwanza, iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2007, gari ambalo limejaa Dar es Salaam kuanzia Mbagala hadi Tegeta. Injini yake ina silinda nne, na kila silinda ina plagi yake na koili yake. Gari likianza kumisi, yaani kutetemeka na kukosa nguvu, fundi mwenye haraka atasema koili zote nne zimekufa. Ni nadra zote kufa pamoja. Kipimo ni rahisi na hakihitaji mashine: koili ya silinda inayomisi inafunguliwa kwa spana namba 10, inabadilishana nafasi na koili ya silinda nzima, kisha injini inawashwa. Ugonjwa ukihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu, na inanunuliwa moja. Ukibaki pale pale, basi ni plagi, nozeli au jambo lingine la silinda hiyo. Fundi anayejua kazi hufanya hivyo bila kuombwa. Anayekataa kufanya hivyo mbele ya mteja hajathibitisha anachokisema.

Mashine nayo imezua upotoshaji wake. Taa ya injini ikiwaka, gari linachomekwa kifaa chini ya usukani na namba ya kosa inasomwa. Mteja anaoneshwa skrini na kuambiwa, "Umeona bosi, kompyuta imesema sensa." Kompyuta haikusema hivyo. Namba P0171, kwa mfano, inamaanisha tu kwamba mchanganyiko unaoingia kwenye injini una hewa nyingi kuliko inavyotakiwa kwa petroli iliyopo. Huenda ni mpira wa hewa uliopasuka, huenda ni sensa ya hewa iliyoshika vumbi na inayohitaji kusafishwa kwa dawa ya kupuliza, huenda ni pampu ya petroli iliyochoka. Sensa ya oksijeni, ambayo ndiyo hubadilishwa haraka, mara nyingi ndiyo iliyotoa taarifa ya kweli. Kubadilisha mtoa taarifa hakuponyi ugonjwa, na baada ya siku chache taa inarudi. Swali la kuuliza ni: namba hii imeelekeza mfumo gani, na umepima nini kujua ni kifaa hiki? Siku hizi kuna vifaa vidogo vya kusoma makosa vinavyounganishwa na simu kwa bluetooth, na bei yake ni ndogo. Lakini baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayasomeki kwa vifaa hivyo, kwa hiyo mwenye gari aulizie kwanza kabla ya kununua.

Gari linalochemsha huleta bili za kutisha zaidi, kwa sababu neno "hedi gasketi" linamtisha kila mtu. Kweli gasketi huungua, na gari lililochemshwa mara nyingi linaweza hata kupinda silinda hedi. Lakini kuna orodha ya vitu vya bei nafuu vinavyopaswa kukaguliwa kabla ya kufungua injini: mfuniko wa rejeta ambao haushiki tena presha, feni isiyozunguka, mpira unaovuja, themostati iliyoganda, rejeta iliyoziba kwa kutu baada ya miaka ya kumiminiwa maji ya bomba badala ya kulanti. Mafundi wengi wa huku huing'oa themostati na kuitupa, wakisema nchi zetu ni za joto. Ushauri huo ni mbaya. Injini isiyo na themostati huchelewa kufikia joto lake la kazi, na gari linakula mafuta zaidi. Fundi akisisitiza kuwa ni gasketi, aombwe kupima presha ya mfumo wa maji na kompresheni ya kila silinda kwanza. Kwa kazi ya kiasi hicho, kulipa gereji ya pili ipime bila kuiambia ya kwanza ilisema nini ni fedha iliyotumika vizuri.

Jambo lingine linalowaumiza wengi ni mkanda wa taimingi. Injini za familia ya NZ, zinazobebwa na IST, Probox, Raum ya toleo la pili na baadhi ya Vitz, hazina mkanda huo. Zina cheni ya chuma iliyokusudiwa kudumu muda mrefu sana ikiwa oili inabadilishwa kwa wakati. Mwenye gari la aina hiyo akiandikiwa bili ya mkanda wa taimingi, ameandikiwa kitu ambacho hakimo kwenye gari. Lakini asije mwenye Subaru Forester au Impreza ya zamani, yenye injini ya EJ, akadhani naye anadanganywa. Hiyo ina mkanda kweli, hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na ukikatika barabarani vali zinaweza kugonga pistoni. Kwa gari hilo, aliyedai mkanda ubadilishwe amemwokoa mteja. Ndiyo maana kujua aina ya injini kunafaa kuliko kumshuku kila fundi.

Kumwaga oili ndiyo kazi inayofanywa mara nyingi kuliko zote, na hasara yake hujikusanya polepole. Injini ya IST ya lita 1.5 inachukua takribani lita 3.7 pamoja na filta. Aliyenunua kopo la lita 5 ana zaidi ya lita nzima inayobaki, na ni yake; aondoke nayo ili ajazie kijiti kikionesha imepungua. Kuhusu kilomita, Toyota yenyewe huko Japani imekuwa ikiandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za petroli zisizo na tabo, na nusu ya hapo kwa mazingira magumu. Vumbi, foleni na safari fupi za hapa kwetu ni mazingira magumu, kwa hiyo 5,000 ya oili ya kawaida ni tahadhari inayoeleweka. Kurudishwa gereji kila kilomita 2,000 hakueleweki. Kopo lifunguliwe mbele ya mteja, maana oili chakavu iliyochujwa na kurudishwa kwenye makopo ya majina makubwa imewaharibia injini watu wengi.

Kuna pia kinachotoka kwenye gari bila bili yoyote. Masega, yaani sehemu ya bomba la moshi inayosafisha hewa chafu, yana madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na wanunuzi wake wapo. Mteja anaambiwa yameziba, "tuyatoe gari liwe jepesi". Fundi anayachukua kama takataka, halafu anayauza. Mwenye gari anabaki na harufu, kelele na taa ya injini isiyozimika. Kanuni ya kila gereji inapaswa kuwa kwamba kila kilichofunguliwa kinawekwa kwenye buti, kiwe kibovu namna gani. Hilo linazuia pia ule mchezo wa kupaka rangi spea ya zamani na kuirudisha ilipotoka.

Dukani, silaha ni namba. Namba ya chasi ya IST huanza na herufi na tarakimu kama NCP60 kwa injini ya lita 1.3, au NCP61 kwa ya lita 1.5, na kutokana nayo orodha za spea zinatoa namba kamili ya kifaa, kwa Toyota kwa kawaida makundi mawili yenye herufi au tarakimu tano tano. Mteja anayempigia muuzaji simu akiwa na namba hiyo, na akaulizia maduka matatu, atajua bei ya kweli kabla fundi hajapanda bodaboda. Aulizie pia tofauti ya daraja: spea halisi ya kampuni ya gari, spea ya watengenezaji wanaojulikana kama Denso, Aisin, KYB au 555, spea ya bei rahisi isiyo na jina, na mtumba kutoka Japani. Kila moja ina matumizi yake. Giaboksi ya mtumba inaweza kuwa uamuzi mzuri. Pedi za breki za mtumba hazifai kamwe. Kosa ni kulipia daraja la juu na kufungiwa la chini, na majina hayo yanayouzika sana ndiyo yanayoigwa sana.

Sheria zipo. Nchini Kenya, Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012 ina sehemu nzima kuhusu matengenezo ya magari: inazungumzia makadirio ya gharama kabla ya kazi, inazuia bili kupita makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10, na inamtaka fundi ajitolee kurudisha vipuri vilivyotolewa. Ni Wakenya wachache wanaoidai haki hiyo wakiwa gereji. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji, na Tume ya Ushindani inapambana na bidhaa bandia. Risiti ya EFD, mashine ya kielektroniki ya kodi, nayo ina kazi zaidi ya kodi: inaonesha duka, tarehe na kiasi halisi, vitu ambavyo karatasi ya mkono yenye bei ya tatu haiwezi kuonesha. Duka likikataa kuitoa, mteja hana ushahidi wowote spea ikifa baada ya wiki.

Makubaliano yenye afya zaidi huanza kabla boneti haijafunguliwa. Uchunguzi ulipwe peke yake, hata kama mwishowe kazi itafanyika kwingine, ili fundi asilazimike kuuza kitu ndipo ale. Ufundi utajwe kwa kila kazi na ulipwe kwa heshima, bila kukwanguliwa hadi mfupa. Spea inunuliwe mteja na fundi wakiwa pamoja: mteja analipa, fundi anakagua, na hapo hakuna atakayesema baadaye kwamba mwenzake alileta feki. Kikionekana kitu kipya katikati ya kazi, simu ipigwe na picha itumwe kabla hakijabadilishwa. Salio libaki hadi gari liendeshwe fundi akiwa ndani: kwenye barabara ya matuta kama kazi ilikuwa ya chini, au kwenye foleni kiyoyozi kikiwa kimewashwa kama gari lilikuwa linachemsha.