Mito ya viti kwenye Hiace za kulala: kwa nini huhama ukishavuka Rusumo

KICUKIRO, Kigali – Hiace iliyong'olewa viti vya abiria na kuwekewa mabenchi ya kulala inaweza kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Rusumo bila mto wa benchi fupi la kushoto, lile lililo nyuma ya mlango, kusogea hata kidogo. Ikishavuka daraja na kuanza safari ya takriban kilomita 160 kuja Kigali, mto ule ule unaanza kuangukia sakafuni. Mwenye gari humlaumu fundi aliyeshona. Fundi naye hulaumu barabara, na safari hii ana sehemu ya haki.

Magari ya namna hii hutumiwa na watalii wanaojiendesha kwenda Akagera au Nyungwe, na pia na wafanyabiashara wadogo wasiopenda kulipa gesti kila usiku, ambao hulala ndani ya Hiace au Noah wakisubiri mzigo. Kicukiro ni mahali pao pa kawaida, kwa kuwa katika wilaya hii ndiko iliko bandari kavu ya Masaka inayoendeshwa na DP World, ambayo ilizinduliwa rasmi mwaka 2019.

Tuanze na barabara. Lami haijengwi tambarare kabisa. Katikati huinuliwa kidogo ili maji ya mvua yatiririke pembeni, na mteremko huo kwa kawaida ni asilimia 2 hadi 3. Tanzania tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari muda wote limeinamia kushoto kidogo, na mto wa benchi la kushoto unaegemea ukuta. Rwanda wanaendesha kulia. Gari linainama kulia, na mto huo sasa unavutwa kuelekea katikati. Mteremko wenyewe ni mdogo na peke yake usingeusogeza mto. Lakini gari linatetemeka, na kila mtetemo unaulegeza mto na kuusogeza kidogo upande ule ule, kutwa nzima. Kwa gari lenye usukani wa kushoto lililotengenezwa Kigali mambo hugeuka: mto uliotulia nyumbani ndio unaoanza kuhangaika likifika upande wa Ngara.

Kuna jambo la pili ambalo madereva wa mpakani wanalijua. Hiace ya Japani ina mlango wa kuvuta upande wa kushoto. Rwanda upande huo ndio wa katikati ya barabara. Mto ulioegemea mlango ukidondoka wakati mlango unafunguliwa, unaangukia njia ya magari, na mtu anaruka kuufuata bila kuangalia. Mwandishi wa makala haya amewahi kuufukuza mto wake mwenyewe kwa namna hiyo, na hakupenda alichokiona kinakuja mbele yake.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye breki. Chukua mto mmoja wa kulalia wa urefu wa sentimita 190, upana 60 na unene 10. Kwa sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo, una uzito wa kilo tatu na nusu hivi. Si mzito. Lakini kama chini yake ni reksini na benchi ni plaiwudi iliyopakwa rangi ya mafuta, msuguano ni mdogo. Tukichukulia kwamba msuguano huo ni sawa na thuluthi moja ya uzito wake, na dereva akafunga breki kwa nguvu akiwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, gari linapunguza mwendo zaidi ya mara mbili ya jinsi mto unavyoweza kupunguza. Kwa hesabu hiyo mto unasogea mita mbili mbele kwa muda wa sekunde moja hivi, yaani kabla gari halijasimama. Kwenye gari dogo lisilo na kizuizi nyuma ya dereva, mita mbili zinatosha kuufikisha kati ya viti vya mbele, karibu na miguu na gia. Mteremko wa kutoka Kicukiro kupitia Gahanga hadi daraja la Nyabarongo si mahali pa kutafuta breki ukakuta sponji.

Sasa tiba yake. Wengi hukimbilia gundi, na gundi ndiyo suluhisho baya kuliko yote. Gari likiegeshwa juani gundi inalainika, kitambaa kinachanika ukivuta, na huwezi tena kuinua mto kufua au kupitisha hewa. Mto wa kulalia lazima uinuliwe, kwani jasho na baridi ya usiku huacha unyevu kati yake na ubao, na baada ya muda unaota ukungu. Mwambie seremala atoboe matundu kwenye plaiwudi.

Kizuizi cha kwanza na cha uhakika ni ukingo wa mbao mbele ya benchi, unaopanda sentimita 3 hadi 4 juu ya ubao. Ukipanda zaidi unaumiza mapaja. Ukingo huo uzunguke hadi kwenye ncha ya benchi inayoelekea kwa dereva, maana huko ndiko mto unakokimbilia breki zikifungwa. Mafundi wengi huweka ukingo wa mbele tu na kuisahau ncha.

Cha pili ni msuguano, na hapa dawa ni rahisi: tyubu kuukuu ya gurudumu. Ikate vipande virefu, ioshe kwa sabuni mpaka ule unga wa ndani uishe (usipouondoa, tyubu inateleza kuliko ubao), kisha uipigilie juu ya plaiwudi kwa misumari midogo yenye vichwa bapa. Kasoro yake ni weusi unaoshika kwenye kitambaa cheupe. Chini ya mto usiweke reksini, hata kama juu unaitaka kwa sababu inafutika kwa urahisi. Upande wa chini agiza kitambaa kigumu cha aina ya jinzi. Nacho kinaacha mto upumue.

Mkanda wa kunata, ule wa velkro, unafaa pia, lakini si ule wenye gundi mgongoni. Upande laini ushonwe kwenye mto na upande wa miiba upigwe pini kwenye ubao. Vumbi hujaza miiba, hivyo uwe na brashi. Mto wa kuegemea mgongo, ambao ndio wa kwanza kuanguka kwa kuwa umesimama, ufungwe kwa mikanda miwili yenye bizimu kwenye ukuta wa gari.

Na pima foronya kabla ya kulipa. Sponji ikatwe kubwa kuliko foronya kwa sentimita moja hivi kila upande, ili ijae vizuri. Foronya ikilegea, sponji inahama ndani yake na ukingo wako hauna cha kuzuia.

Kwa wanaofikiria kununua sponji upande mmoja na kushona upande mwingine: utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unahusu shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti rahisi cha uasilia hutolewa pale pale mpakani. Kinaondoa ushuru wa forodha, hakiondoi VAT. Uliza kwanza kama bidhaa yako imo kwenye orodha. Kumbuka pia kwamba mita moja ya ujazo ya sponji hiyo ni kilo 30 tu, kwa hiyo nauli utatozwa kwa nafasi, si kwa uzito. Na kama unataka kuliingiza Rwanda moja kwa moja gari lenye usukani wa kulia, nenda kaulize Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kabla hujalinunua.

Mito, hata ikifungwa vizuri, haifanyi benchi la pembeni kuwa kiti cha abiria. Gari likitembea, watu wakae kwenye viti vyenye mikanda.

Kabla ya kuondoka, chora mstari wa chaki kwenye ubao pembeni mwa kila mto. Tafuta uwanja mtupu, nenda kilomita 30 kwa saa, ufunge breki mara tatu, kisha uangalie chaki. Rudia kuangalia Rusumo, wakati nyaraka zinagongwa mihuri, na tena ukishatembea kilomita 50 upande wa pili.