Gari la theluji katika matope ya Masasi: Kagua haya kabla ya kutoa fedha

FEDHA za korosho na mvua hufika Masasi karibu kwa pamoja. Minada huanza Oktoba, malipo ya wakulima hupitia vyama vya msingi na kuingia benki katika miezi inayofuata, na wakati huohuo mawingu ya kwanza ya msimu hujikusanya juu ya Uwanda wa Makonde. Kwa mkazi wa Lisekese au Newala aliyekuwa akisubiri kumiliki gari, huo ndio wakati wa kununua. Ndio pia wakati ambao kasoro za gari hujitokeza mapema zaidi, kwa kuwa barabara ya udongo haina subira.

Mikoa ya kusini haina vuli na masika kama Dar es Salaam. Ina msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Atakayenunua gari Desemba ana takriban miezi mitano ya utelezi mbele yake.

Katika minada ya kwanza ya Oktoba 2024, bei ya korosho ghafi ilipita Sh4,000 kwa kilo. Bei ya namna hiyo humfanya mkulima wa kati, mwalimu mwenye shamba au mfanyabiashara mdogo aanze kuuliza habari za 'gari ya juu': RAV4, Escudo, X-Trail, CR-V au Forester iliyotumika Japani. Ni magari madogo, yaliyoinuka kuliko saluni na yasiyokunywa mafuta kama Land Cruiser.

Swali la kwanza, ambalo dalali hatakuuliza, ni kama unalihitaji gari la namna hiyo. Barabara ya Masasi kwenda Mtwara kupitia Ndanda na Mingoyo ni ya lami, na ile ya Masasi kwenda Tunduru na Songea ni ya lami pia. Mtumishi anayeishi Lisekese, anayefanya kazi mjini na kusafiri kwenda Mtwara mara mbili kwa mwezi, atatumia fedha nyingi kununua na kutunza mashine ambayo hataitumia. Saluni ya kawaida yenye tairi nzuri inamtosha.

Hali ni tofauti kwa anayepanda Newala na Tandahimba, au anayeingia vijijini kukagua mashamba. Mikataba ya kujenga kwa lami barabara ya Mnivata–Newala–Masasi, yenye urefu wa kilometa 160, ilisainiwa mwaka 2023 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lakini njia za kuingia vijijini zitabaki za udongo hata lami itakapokamilika. Udongo wenyewe hubadilika njiani. Juu ya uwanda ni mchanga mwekundu unaonywa maji haraka, na ndiyo maana uwanda huo una sifa ya kukosa vijito. Kiangazi mchanga huohuo hukauka na kulegea, na gari huzama ndani yake bila tone la mvua. Kwenye miteremko na mabondeni kuna udongo wa mfinyanzi unaoshika maji na kuteleza kama sabuni. Na katikati ya hayo kuna ukingo wa uwanda, ule anaouona kila mgeni anayepelekwa Shimo la Mungu mjini Newala, ambako ardhi hushuka ghafla kuelekea bonde la Ruvuma.

Kwa msafiri huyo, gari linalovuta magurudumu yote manne, yaani 'fowili', si anasa. Tatizo ni kwamba magari mengi yanayouzwa kwa sura hiyo hayavuti manne.

Toyota iliuza RAV4 ya kizazi cha pili nchini Japani, kati ya mwaka 2000 na 2005, kwa namna mbili. Ile ya injini ya lita 2.0 ilivuta manne, na ile ya lita 1.8 ilivuta mawili ya mbele tu. Kwa macho ya mpita njia ni gari moja. Tofauti imo kwenye namba ya chesisi, ambayo kwa magari yaliyouzwa Japani huanza na herufi za modeli, na ambayo imeandikwa pia kwenye kadi ya gari. Ikianza na ACA21, ni ya manne. Ikianza na ZCA26, ni ya mawili. Kwa kizazi kilichofuata, ACA31 ni ya manne na ACA36 ni ya mawili. Vanguard ya lita 2.4 inayovuta manne ni ACA33, wakati ACA38 ni ya mawili. Honda CR-V iliyotoka kuanzia 2006 ni RE4 au RE3, na ni RE4 inayovuta manne. Kwa Nissan X-Trail tazama herufi N: NT30 na NT31 zinavuta manne, T30 na T31 hazivuti. Subaru Forester haina utata huo, kwani zilizouzwa Japani zote zilivuta manne.

Dakika moja ya kusoma kadi, kwa hiyo, inaweza kumwokoa mnunuzi na hasara ya mamilioni. Inashangaza ni wangapi wanaolipa kwanza na kusoma kadi baadaye.

Ukishapata la manne, linakuja jambo la pili, ambalo huku kwetu halizungumzwi sana. Jiulize, Mjapani gani hulipa fedha zaidi ili anunue gari dogo la magurudumu manne? Mara nyingi ni yule anayeishi Hokkaido, Tohoku au pwani ya magharibi inayotazama Bahari ya Japani, ambako theluji hufunika barabara kwa miezi. Gari alilolitaka kwa ajili ya theluji ndilo unalolitaka kwa ajili ya matope. Lakini barabara za theluji humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Matumizi hayo yaliongezeka baada ya Japani kupiga marufuku tairi za misumari kwa sheria ya mwaka 1990, kutokana na vumbi la lami lililokuwa likitifuliwa na misumari hiyo. Chumvi hiyo hurukia chini ya gari na kukaa kwenye mikunjo ya bati, na baada ya majira ya baridi kumi bodi inaweza kung'aa juu huku chini imeliwa.

Kutu hiyo haionekani ukisimama uwanjani kwa muuzaji. Mbaya zaidi, kuna wanaopulizia rangi nyeusi nzito chini ya gari, na mnunuzi akaona weusi mpya na kudhani ni usafi. Lipandishe gari kwenye shimo la fundi au jeki madhubuti, ushuke na tochi na bisibisi. Gonga mihimili ya chesisi, mahali mikono ya nyuma inaposhikilia, na sehemu ya juu ambako shokapu zimefungwa. Chuma kizima hulia kwa sauti kavu, kilicholiwa hutoa sauti ya bati bovu, na mahali pengine bisibisi huzama. Tazama hasa mabomba membamba ya breki yanayokwenda nyuma. Kutu kwenye mlango ni aibu tu. Kutu kwenye bomba la breki, wakati unashuka kutoka Newala na abiria watano, ni suala la uhai.

Anayeagiza moja kwa moja kutoka Japani ana nafasi nzuri zaidi, kwa sababu gari linalopita mnadani huko huwa na karatasi ya ukaguzi. Aiombe kwa wakala. Kwenye mchoro wa gari, herufi S humaanisha kutu na C humaanisha chuma kilichoanza kuliwa, na namba inayofuata huonyesha ukubwa wa tatizo. Daraja la R au RA humaanisha gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Angalia pia mnada wenyewe ulikuwa wapi. USS Sapporo na USS Tohoku ziko kwenye ukanda wa theluji, ilhali Nagoya, Kobe na Fukuoka kwa kawaida si maeneo ya chumvi nyingi. Si kwamba kila gari la Hokkaido ni bovu. Magari yaliyotengenezwa kwa maeneo ya baridi kali mara nyingi huwa na betri kubwa na mota imara ya waipa, na aliyelitunza akaliosha chini kila wiki ameliacha salama. Ila bei yake iwe ya gari lililokaguliwa, si la kubahatisha.

Theluji huacha alama nyingine: tairi. Yapo magari yanayofika yakiwa na tairi za majira ya baridi, zenye neno STUDLESS ubavuni au majina kama Blizzak na iceGUARD. Zina meno mengi yenye mikato midogo, na mnunuzi hufurahi akidhani amepata tairi za matope. Sivyo. Mpira wake ni laini, umeundwa kushika barafu. Kwenye lami yenye joto la Masasi huisha haraka, na lami ikilowa gari huchelewa kusimama. Soma pia namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 3514 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2014. Tairi la umri huo ni la kutupwa hata kama meno yamejaa.

Na ukibadilisha, badilisha yote manne. Desturi yetu ya kununua mawili leo na mawili baada ya mavuno huharibu mfumo wa fowili, kwani tairi jipya na lililolika hazilingani kimo, na kifaa kinachogawa nguvu mbele na nyuma hulazimika kufanya kazi muda wote hata kwenye lami. Huungua, kisha huanza kelele.

Kelele hiyo ndiyo huzaa udanganyifu wa tatu. Propela shafti au difu ya nyuma ikianza kulia, baadhi ya wenye magari huambiwa na mafundi waiondoe propela kabisa, gari litembee kwa mbele na mafuta yapungue. Kadi bado inasema ACA21, kibandiko cha 4WD bado kiko mlangoni, lakini magurudumu ya nyuma yanaburutwa tu. Ukiwa chini na tochi, hakikisha shafti inatoka kwenye giaboksi hadi kwenye difu. Kisha lipeleke gari kwenye mchanga uliolegea, ambao juu ya uwanda haukosekani, mtu mmoja asimame pembeni wakati unaondoka kwa nguvu. Ya nyuma yanasukuma au hayasukumi, ataona. Kwenye X-Trail weka swichi kwenye LOCK uone kama taa inawaka na kubaki.

Kati ya magari haya lipi lichaguliwe? Kwa njia mbaya kweli, Suzuki Escudo iliyotoka kuanzia 2005 inazidi wenzake. Ina fremu iliyounganishwa ndani ya bodi, na zilizo nyingi zina gia nzito ya 4L ambayo RAV4, CR-V na X-Trail hazina. Kwenye mteremko wa utelezi gia hiyo hulishusha gari polepole bila kukanyaga breki. Gharama yake ni mafuta zaidi. RAV4 inashinda kwa vipuri na mafundi, lakini injini ya lita 2.0 ya D-4 katika zile za 2000 hadi 2005 hupulizia petroli moja kwa moja kwenye silinda na haivumilii mafuta machafu. Anayejaza mara kwa mara petroli ya kwenye chupa vijijini aifikirie mara mbili. Zile za lita 2.4 zilizofuata zina sifa ya kula oili. Pima kijiti kabla na baada ya safari ya majaribio. Forester hushika barabara vizuri kuliko zote, ila fundi anayeijua vyema injini yake si rahisi kumpata mbali na miji mikubwa.

Kuliinua gari kwa spesa ili tumbo lipite juu ya mashina si suluhisho la bure. Jointi za ekseli hufanya kazi kwa pembe ambayo hazikuundiwa, na mipira yake huchanika mapema.

Kwa anayeagiza nje, ukubwa wa injini na umri hugusa kodi. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi cc 2,000, na asilimia 10 juu ya hapo, na gari la abiria lenye zaidi ya miaka 10 hutozwa asilimia 30 nyingine kwa sababu ya uchakavu. Magari mengi yaliyotajwa hapa yameshavuka umri huo. Kikokotoo cha TRA kwenye intaneti hutoa hesabu kamili kabla hujatuma hata senti.

Hesabu ya mwisho ni ya umbali. Kipuri kisichopatikana Masasi au Mtwara hutoka Kariakoo kwa basi, karibu kilometa 600. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, mabasi hayo hayakupita, na gari lililosubiri kipuri lilisubiri. Kabla ya kulipa, tembelea maduka ya vipuri ya Masasi ukiwa na namba ya modeli mkononi, uulize vitu vinne: pedi za breki, boljointi, shokapu na mpira wa jointi ya ekseli. Dukani utajua kama gari hilo lina wenzake mjini.