Ulimi si Mizani: Namna ya Kupima Chumvi katika Maji

Hakuna mwanafunzi wa Kasese au Bwera asiyejua Katwe. Wako wenzetu, na wako wanafunzi wa zamani wengi, ambao karo yao ilitoka katika majaruba ya chumvi ya huko, au katika magunia yaliyouzwa Mpondwe kwa wanunuzi kutoka Kongo. Hata hivyo, ukiuliza darasani, "Lita moja ya maji ya Katwe ina chumvi kiasi gani?" utajibiwa, "Nyingi." Hilo ni jibu la ulimi, si jibu la sayansi. Makala hii yaeleza namna ya kupata jibu la tarakimu kwa vyombo vya jikoni na vya maabara ya shule. Kisha itajibu swali ambalo humjia kila aliyewahi kuona tangi la kioo lenye samaki wa baharini wa rangi nyingi. Je, twaweza kuwafuga samaki hao hapa kwetu, mbali na bahari zaidi ya kilomita 1,000, kwa kuchukua maji ya Katwe na kuyapunguza ukali kwa maji ya mvua?

Kwanza tujue kwa nini Katwe ni chumvi. Ziwa Edward liko karibu nalo mno. Ukingo mwembamba wa ardhi ndio unaoyatenga, na mvua inyeshayo ni ile ile. Lakini maji ya Ziwa Edward hutoka kwa mto Semliki, yakaenda Ziwa Albert na hatimaye kuingia Nile, na chumvi kidogo iliyomo huondoka pamoja nayo. Ziwa Katwe limo ndani ya shimo la volkano, nalo halina mto wa kulitoa maji. Chemchemi huleta maji yenye chumvi kidogo kidogo. Jua huchukua maji, lakini chumvi haliwezi kuichukua. Mambo yakiendelea hivyo miaka maelfu, chumvi hulimbikana hata maji yasiweze kuyeyusha zaidi, nayo huganda chini. Ndiyo sababu wachimbaji hupata mavuno mazuri wakati wa kiangazi, na mvua kubwa ikija kazi hupungua. Msomaji na aikumbuke habari hii, kwa maana tutaikuta tena ndani ya tangi la samaki.

Sasa tupime. Maji ya bahari kuu yana chumvi za namna mbalimbali kiasi cha gramu 35 katika kila kilo moja. Ulimi waweza kutambua kwamba maji hayo ni ya chumvi, lakini hauwezi kutofautisha gramu 35 na gramu 40, na tofauti hiyo yatosha kumdhoofisha samaki. Tena ulimi huzoea: aliyetoka kula ndizi kavu na aliyetoka kula samaki wa chumvi hawatatoa hukumu moja.

Njia ya kwanza ni kukausha. Pima uzito wa kibakuli kitupu kikavu. Tia ndani yake mililita 100 za maji unayotaka kuyapima, au 10 tu kama ni maji ya Katwe. Yapashe moto polepole. Yakikaribia kukauka punguza moto, la sivyo chembe zitaruka nje na hesabu itaharibika. Kibakuli kikipoa, kipime. Kipashe moto tena kidogo na kukipima mara ya pili. Uzito usipobadilika, kazi imekwisha. Toa uzito wa kibakuli kitupu, nawe utabaki na uzito wa chumvi. Mililita 100 za maji ya bahari zitaacha kiasi cha gramu tatu na nusu. Njia hii ni ya kweli, ila ni ya polepole, na yahitaji mizani nzuri.

Njia ya pili ni ya kuelea. Watu wa zamani walitumia yai: wakilitia katika maji ya chumvi likaelea, walisema maji yameiva. Yai ni kipimo, lakini kipimo butu. Yai bichi la leo huzama katika maji ya bahari kama lizamavyo katika maji ya mvua, na huanza kuelea pale tu chumvi ipitapo mara tatu ya ile ya bahari. Tena yai la zamani huelea mapema, kwa sababu hewa imeongezeka ndani yake. Basi yai linaweza kukuambia habari za umri wake wakati wewe wauliza habari za maji.

Chombo kilicho bora kuliko yai ni haidromita, nayo waweza kuitengeneza. Tafuta bomba jembamba la plastiki lenye unene ulio sawa tangu juu hata chini, la urefu wa sentimita 25 hivi. Ziba mwisho mmoja kwa nta ya mshumaa. Tia mchanga mkavu kidogo kidogo mpaka bomba lisimame wima katika maji ya mvua, likiwa limezama sentimita 20. Tia alama hapo, nayo ni alama ya maji matamu. Kisha fuata kanuni ya Archimedes: kitu kieleacho husukuma maji yenye uzito ulio sawa na uzito wake. Maji yakiwa mazito zaidi, maji machache hutosha kukibeba, nacho hupanda. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu mara 1.026. Gawanya 20 kwa 1.026, utapata 19.5. Kwa hiyo katika maji ya bahari bomba lako litapanda nusu sentimita tu. Katika maji yaliyoshiba chumvi ya kula, ambayo ni mazito mara 1.20, litazama sentimita 16.7, yaani litapanda zaidi ya sentimita tatu. Mchimba chumvi ataona tofauti hiyo kwa mbali, lakini mfuga samaki itambidi ainame na kusoma kwa makini. Macho yawe sawasawa na uso wa maji, na povu lisishike bomba.

Haidromita za dukani hazitofautiani na hiyo kwa kanuni. Shingo yao ni nyembamba zaidi, hivyo nusu sentimita hugeuka kuwa sentimita kadhaa. Viko na vyombo vingine. Rifraktomita hutazama jinsi mwanga unavyopinda ukipita katika tone la maji. Kipimo cha umeme hutazama jinsi umeme upitavyo, kwa maana chumvi iliyoyeyuka huupitisha, na maji ya mvua huupitisha kidogo mno. Vyote vyahitaji mambo mawili. La kwanza ni kuvisahihisha kwa maji ambayo chumvi yake yajulikana. La pili ni kuangalia joto, kwa kuwa maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Maji yaliyopimwa adhuhuri Katwe na maji yayo hayo yakipimwa alfajiri hayatasomeka sawa, ingawa chumvi haikubadilika.

Sasa turudi kwa swali letu. Tuseme umepata maji ya jaruba yenye gramu 280 kwa lita. Ukichukua lita moja na kuongeza maji ya mvua mpaka zitimie lita nane, utapata gramu 35 kwa lita, kama bahari. Je, samaki wa baharini ataishi humo?

Hataishi. Sababu yake ndiyo maana ya makala hii: vyombo vyote tulivyovitaja hupima kiasi cha chumvi, havisemi ni chumvi gani. Sehemu kubwa ya chumvi ya bahari ni chumvi ya kula, pamoja na magnesi, kalsi na nyinginezo kwa kiasi maalumu. Maji ya Katwe yana chumvi ya kula, lakini yana pia magadi mengi na salfeti, na kalsi na magnesi ni haba mno. Konokono wa baharini na matumbawe hujenga maganda yao kwa kalsi. Hapo hawana cha kujengea. Tena magadi huyafanya maji kuwa makali kwa namna nyingine. Katika kipimo kiitwacho pH, bahari husimama kwenye 8.1 hivi, na Katwe hukaribia 10. Usidhani ni hatua mbili ndogo. Kila hatua ya kipimo hicho ni mara kumi, basi hatua mbili ni mara mia.

Hata haidromita yenyewe hudanganywa. Maji yenye chumvi ya kula asilimia 10 kwa uzito ni mazito mara 1.07, lakini yenye magadi safi makavu asilimia 10 ni mazito mara 1.10. Chombo kilichoandikwa namba kwa ajili ya bahari kitasema Katwe ina chumvi nyingi kuliko iliyomo.

Namna ya kutambua magadi ni rahisi. Dondoshea chumvi tone la maji ya ndimu au siki. Ikitoa povu, kuna magadi. Chumvi safi ya kula hukaa kimya. Huo ni ujuzi wa bure kwa mtu anunuaye gunia pale Mpondwe. Katika maabara twaweza kwenda mbele zaidi kwa kutumia silva naitreti, ambayo hufanya masimbi meupe ikikutana na kloraidi ya chumvi ya kula. Lakini magadi nayo huleta masimbi. Kwa hiyo lazima kwanza utie asidi naitriki mpaka povu liishe. Mwanafunzi atakayeruka hatua hiyo atahesabu magadi kuwa chumvi.

Hayo si mambo ya mtihani tu. Katika miaka ya 1970 Serikali ilianza kujenga kiwanda kikubwa cha chumvi Katwe, na mitambo yake ikatoka Ujerumani. Kiwanda kilipoanzishwa, maji ya ziwa yaliyala mabomba ya kupashia joto, na kazi haikuendelea. Wachimbaji wa majaruba, wenye majembe na mabeseni, waliendelea kama kawaida. Fedha nyingi zilipotea kwa sababu maji hayakupatana na chuma.

Basi atakaye kufuga samaki wa baharini, na anunue chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, ayeyushe gramu 35 hivi kwa lita, na kuitunza haidromita yake kati ya 1.023 na 1.026. Hapa ndipo habari ya Katwe inaporudi. Tangi la kioo nalo ni ziwa lisilo na mto wa kutoka. Likiwa na lita 100, lina kilo tatu na nusu za chumvi. Jua na upepo vikichukua lita 10, chumvi yote imebaki katika lita 90, nayo sasa ni gramu 39 kwa lita. Ukijaza kwa maji ya chumvi, waongeza gramu 350 nyingine, na wiki hata wiki utakuwa umejenga Katwe ndogo sebuleni. Jaza kwa maji matamu.

Tena chumvi siyo kitu cha pekee kinacholimbikana. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitriti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao huchukua wiki nne hata sita kuzaana katika tangi jipya. Mwenye haraka huua samaki wake katika muda huo. Hupimwa kwa matone ya dawa yabadilishayo rangi ya maji, na rangi hulinganishwa na ile ya karatasi. Amonia na naitriti ziwe sifuri.

Mwisho, chunguza maji matamu unayoyatumia. Maji ya bomba huweza kuwa na klorini. Yaache wazi usiku kucha. Maji ya mto Nyamwamba yapita Kilembe, ambapo shaba ilichimbwa tangu 1956 hata mgodi ukasimama kufikia 1982, na mabaki yake yakaachwa kandokando. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yaliyapeleka mabaki hayo chini zaidi. Maji yenye shaba yaweza kuonekana maangavu, haidromita isiseme neno, na kamba na konokono wote wakafa. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha bati ni salama zaidi.

Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake. Sisi twaweza kuongeza kwamba maji usiyoyapima hujui yana nini. Wakati wa likizo ijayo, kila mmoja na atengeneze bomba lake, alete chupa moja ya maji ya kwao, iwe ni ya Katwe, ya Ziwa Edward, ya kisima au ya mvua, na aandike maswali mawili ubavuni mwa chupa: chumvi ni kiasi gani, na ni chumvi gani? Aliyejibu moja tu hajamaliza kazi.