Moja hadi kumi, lugha mbili!

Je, msomaji, wajua kuwa mtoto wako anapohesabu moja hadi kumi huwa anatumia lugha mbili? Moja hadi tano ni Kibantu kitupu. Afikapo sita na saba yumo Uarabuni, kwenye nane anarudi nyumbani, tisa anatoka tena, halafu kumi anarejea. Wazee wa pwani walikuwa na tisa yao, kenda, neno ambalo Wakikuyu na Wakamba wanalo hadi leo.

Nane yenyewe ina kisa. Wataalamu wa lugha wanasema ni nne na nne zilizoungana. Ukiwa na shaka, muulize jirani yako Mkikuyu: nne kwake ni inya, nane ni inyanya, tatu ni ithatu, sita ni ithathatu. Mjaluo naye akishafika tano, abich, huanza kuongeza: auchiel ni tano na moja, abiriyo tano na mbili. Ni vidole vya mkono mmoja vilivyogeuka maneno.

Mambo haya ndiyo yaliyomvutia Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hisabati kutoka New York, akaandika kitabu kiitwacho Africa Counts mwaka wa 1973. Humo utakutana na Wayoruba wa Nigeria, ambao 45 kwao ni ishirini mara tatu, toa kumi, toa tano. (Wanafunzi, msijaribu hii kwenye mtihani!)

Utausoma pia mfupa uliochimbuliwa mwaka wa 1950 huko Ishango, Congo, kando ya Ziwa Edward. Una umri wa miaka 20,000 hivi, na umechanjwa mistari iliyopangwa kwa mafungu. Upande mmoja kuna mafungu ya 11, 13, 17 na 19, jumla 60. Kuna wasemao ni kalenda ya mwezi, wengine wanabisha. Lakini ukitaka kuuona, funga safari hadi Brussels, Ubelgiji, maana ndiko uliko.

Zaslavsky alieleza pia jinsi Waafrika walivyohesabu kwa ishara za vidole, na hapa ndipo watoto wetu wa mjini wamepungukiwa. Wengi hawawezi kufika kumi kwa lugha ya mama, sembuse ishara! Kitabu hicho ni cha Kiingereza, na si kila duka linacho. Basi likizo ikikupeleka mashambani, mwombe nyanya akuonyeshe sita kwa vidole, mdomo ukiwa umefungwa. Huenda isifanane hata kidogo na ile yako.